Tunda la Kwanza ni la Mwenye Mimba

Ntimaru,
2 Machi 2024

Mkwe wangu mpendwa, Mama Levi,

Pokea salamu kutoka kwetu Ntimaru. Sisi hatujambo, ila magoti yangu yananisumbua kila mawingu yakikusanyika, na hiyo kwangu ni habari njema kwa sababu mvua iko karibu. Wewe je, u hali gani? Masikio yanaendeleaje? Mwanangu Joash aliniuliza kwa nini nisimpigie Nyakerario simu ili yeye akuandikie ninayotaka kusema. Nikamwambia mambo ya wakwe hayapitishwi kinywani mwa mtoto. Afadhali barua ikae kwenye kibanda cha Susana pale sokoni Suna mpaka apate gari la kwenu, kuliko binti yangu ajue kila tunachoambiana.

Nimekutumia mbegu ndani ya kitambaa. Zile ndogo nyeusi ni mchicha wa zamani, wenye majani mekundu kwa chini, siku hizi madukani hauuzwi. Zenye madoa ni kunde za kutambaa. Na hizo bapa, zilizochongoka pembeni kama masikio, ni mung'unye. Hizo ndizo nilizotaka hasa zikufikie. Si boga la kawaida. Ni refu, kijani kilichofifia, na huliwa likiwa changa, kabla ganda halijakomaa. Mama yangu alizipata kwa mama yake, na kila msichana aliyeolewa kutoka nyumba yetu alizibeba. Wetu hakuzibeba kwa sababu mwanao alimchukua kabla hatujamaliza kufunga mizigo. Sikulaumu, nakumbusha tu.

Masharti ni machache. Usizipande karibu na vibuyu vya kuchotea maji, hazipatani navyo. Ukikata tunda, onja ncha kwa ulimi kabla ya kupika. Na tunda la kwanza la kila msimu ni la mwenye mimba, kama yumo bomani. Binti yetu amepoteza mara mbili, mkwe wangu, na wewe ndiye uliyemshika mkono mara zote mbili. Mimi sikuwapo. Nataka angalau chakula cha kwao kiwe karibu naye.

Mkwe wako,
Mellen, Mama Nyakerario

*

Kosele,
30 Juni 2024

Kwa mkwe wangu, Mama Nyakerario,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi mzima, masikio ndiyo yamefunga duka kabisa. Jumapili mchungaji anahubiri, mimi naangalia mdomo wake na kusema amina pale anapopumua. Magoti yako yamepoa?

Barua yako ilikuwa na masharti kuliko ya mganga. Lakini nimepanda. Mchicha umetoka, kunde zimetoka, na hilo mung'unye lako, mkwe, limetambaa mpaka nikaogopa litaingia ndani litandike kitanda. Tunda ni tamu. Nimelipika na karanga, Nyakerario akala, kisha nikamwona anafuta machozi kwa kanga. Nilipomuuliza akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole: nyumbani. Nilifurahi na kuona wivu kwa wakati mmoja.

Sharti moja sikuliweza, nakuambia ukweli. Mke mwenzangu Risper ana vibuyu vyake kwenye ua tunaochangia, na vimepanda juu ya ua wote. Anavikausha na kuviuza sokoni, ndiyo chumvi na sabuni yake. Nikimwambia ang'oe, atasema naanzisha upya vita ambavyo marehemu mume wetu alikufa akivizima. Kwa hiyo yeye ana vyake upande wake, mimi nina langu upande wangu. Maua yanaangaliana tu. Sisi wake wenza tumekaa boma moja tangu tukiwa wasichana na hakuna aliyemlisha mwenzake sumu. Maboga nayo yatazoeana.

Levi amerudi kisiwani kuvua. Akija ataleta samaki mkavu, nitakutumia.

Mkwe wako,
Roseline, Mama Levi

*

Ntimaru,
21 Julai 2024

Mkwe wangu mpendwa,

Tumshukuru Mungu kwa afya. Nimecheka sana hayo ya mung'unye kutandika kitanda. Nimemsomea Joash, naye akacheka.

Huku tumepigwa na mvua ya mawe. Shamba la mboga lilibaki matope na vijiti. Mung'unye wangu wote umekwenda, na mbegu nilizokuwa nimebakiza darini juu ya moto zilipata unyevu zikaota kuvu. Sijawahi kukosa mbegu hizo nyumbani tangu niolewe. Inaniumiza kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu najisikia kama niliyefunga mlango wa mama yangu.

Kwa hiyo naomba nilichokupa. Acha matunda mawili yakomae juu ya mmea mpaka yakauke, ukiyatikisa yalie. Toa mbegu, zipake majivu, unirudishie kiasi cha kiganja. Zingine ubaki nazo upande msimu wa vuli.

Kuhusu vibuyu vya mke mwenzako sijui niseme nini. Mama yangu alitukataza tu, wala hakutuambia sababu, na mimi sikuwahi kuuliza. Mambo mengine mtu hupokea kama jina lake.

Mkwe wako,
Mama Nyakerario

*

Kosele,
15 Septemba 2024

Mkwe,

Hujambo? Sisi hatujambo, tena sana.

Ndani ya kitambaa hiki kuna mbegu zako, zimepakwa majivu kama ulivyosema. Nilichagua tunda kubwa kuliko yote, lile lililokuwa limelalia ua, maana lilikuwa na afya. Usinishukuru. Ni zako, nami nilizilea tu.

Sasa lile jambo lingine. Silitaji kwa jina kwa sababu tumelitaja mara mbili tukalipoteza. Nyakerario hajaosha nguo ya mwezi tangu Levi alipokuja mwezi wa saba. Amenyamaza, nami nimenyamaza. Kazi ya kuni nimemnyima. Wanawake wa kanisani wameanza kunitazama, nikiwatazama wanatazama Biblia.

Nikipanda vuli, tunda la kwanza najua ni la nani.

Mkwe wako,
Mama Levi

*

Ntimaru,
12 Januari 2025

Mkwe wangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini Krismasi ilikuwa ya amani. Huku tulikuwa na wageni wengi, tukachoka, tukamshukuru Mungu walipoondoka. Magoti hayajambo wakati wa jua.

Nisamehe kwa ukimya. Mbegu ulizorudisha niliziotesha, na zimetoka vizuri. Majani mapana, maua meupe mengi, mmea una nguvu kuliko nilivyozoea. Matunda yake tumeyaona. Asante sana kwa mkono wako mwema. Mtu hawezi kupata mkwe anayetunza kitu cha mwenzake namna hiyo.

Binti yetu anaendeleaje? Anakula nini siku hizi? Mpe mchicha, mpe kunde, mpe samaki kama wapo. Hayo mengine yasubiri. Hakuna haraka ya mung'unye. Mchicha una damu zaidi.

Niandikie upesi uniambie anakula nini.

Mkwe wako,
Mama Nyakerario

*

Kosele,
19 Januari 2025

Mkwe wangu,

Barua yako nimeipata. Mbona unaniuliza maswali kama nesi? Binti yako anakula. Tumbo limejaa vizuri, mtoto anarusha miguu, nimeweka mkono nikampata. Ila kule kliniki walisema damu yake iko chini. Wakampa vidonge, anavimeza.

Ukasema mung'unye lisubiri, lakini barua imefika tunda likiwa limeshakatwa. Vuli ilikuwa nzuri, mashina matano yameota. Manne yana matunda matamu kama ya mwaka jana, hayo tunakula mimi na Risper. Shina la tano, lile la karibu na ua, ndilo lililotangulia kuzaa, na tunda lake limegeuka. Nilionja ncha kama ulivyonifundisha. Ni chungu kidogo, uchungu ule wa osuga, mnavu wetu.

Nikafurahi. Sijui kwenu, lakini sisi tunajua mboga chungu ndiyo inayorudisha damu. Mama yangu akimpikia mzazi alichagua osuga chungu kuliko zote, akailaza kwenye maziwa usiku mzima ili ulimi usigome. Nami nikafanya hivyo hivyo. Nimekata tunda la kwanza, nikalipika, nikalilaza kwenye maziwa, nikampa Nyakerario kikombe cha supu. Alikunywa mpaka chini, akashika kikombe kwa mikono miwili akaniambia erokamano, asante, mama. Nimesoma midomo yake.

Baadaye alitapika. Nilimwambia dawa husafisha kwanza ndipo ijenge. Mkwe, nafikiri safari hii tutafika.

Mkwe wako,
Mama Levi

*

Kosele,
2 Februari 2025

Mkwe,

Umekuwa kimya. Barua yangu haikufika? Au nimekukosea?

Nakuandikia kwa sababu sina mtu wa kumuuliza. Nyakerario hana nguvu. Kila nikimpa ile supu anatapika, na tumbo linamwendesha. Wiki hii limeonyesha damu kidogo. Risper anasema ni minyoo. Mimi nasema ni mimba yenyewe, maana zile mbili za kwanza pia zilimsumbua, lakini hazikumsumbua hivi. Midomo yake imekauka. Mtoto bado anacheza, ila polepole.

Nimepumzisha supu siku chache akapata nafuu kidogo, akala ugali. Nikaona basi mwili umepata nguvu ya kupokea dawa, leo nikampikia tena, safari hii bakuli zima, na vipande vyake. Alilitazama bakuli muda mrefu. Nilidhani anaomba kimoyomoyo. Kisha akala.

Levi yuko kisiwani na simu ya Nyakerario, yake iliingia maji. Hapatikani, huko wanakovua mtandao haufiki. Kesho nitamtafutia mtu wa pikipiki ampeleke kliniki, Mungu akipenda.

Kama una mboga nyingine ya damu, nitumie mbegu, au niambie tu jina lake. Wewe ni mama yake, sema lolote.

Mkwe wako,
Roseline

*

Ntimaru,
6 Februari 2025

Mama Levi,

Sikusalimu leo, nisamehe. Barua zako zote mbili nimezipata sasa hivi, zikiwa pamoja. Susana alikwenda kwao kumzika kaka yake na kibanda kikafungwa, na karatasi zako zikakaa humo ndani gizani siku zote hizi.

Usimpe tena. Tupa hilo tunda, tupa supu, tupa na maziwa. Kuku wasile, mbwa asile. Mpeleke hospitali leo, usingoje kliniki, na uwaambie madaktari amekula mung'unye chungu. Sema hivyo hivyo: mung'unye chungu. Linaua, mkwe. Uchungu wake si wa osuga. Nilikuambia uonje ncha, sikukuambia unatafuta nini, kwa sababu kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua kwamba likiwa chungu unatema na kusukutua mdomo.

Kuna jambo jingine, nalisema haraka kabla sijapoteza ujasiri. Mbegu ulizonirudishia zilizaa chungu huku kwangu pia. Nilionja mwezi wa kumi na mbili nikatema. Nikang'oa mmea wote. Lakini nilipokuandikia sikutaja. Nilikusifia. Nani humwambia mkwe kwamba zawadi yake ni chungu? Nikafikiri nikisema hakuna haraka ya mung'unye utaelewa. Nilijua ya kwako yatakuwa hivyo hivyo, nikachagua maneno mazuri.

Joash amempigia Levi tangu asubuhi, hapatikani. Mimi mwenyewe ningempigia mkwe wangu wa kiume, desturi au si desturi. Nampa dereva barua hii mkononi, na mimi nakuja nyuma yake kwa gari litakalofuata. Najua mama wa binti haingii bomani kwa wakwe bila kuitwa. Nitaingia.

Mellen

*

Ntimaru,
2 Machi 2025

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu. Nyakerario hajambo kidogo. Anakunywa uji wa wimbi, anakaa nje kwenye jua, jana alichambua kunde. Daktari wa hapa anasema figo zake zinarudi polepole. Hasemi mengi. Usiku nalala naye chumba kimoja.

Nakushukuru kwa yote uliyofanya siku zile. Ulimbeba wewe mwenyewe mpaka barabarani, niliambiwa. Nilipofika hospitali nikakukuta umekaa sakafuni umeshika viatu vyake. Mtoto tumemwacha nyuma ya nyumba yako, na mpaka leo nikifumba macho naona lile rundo dogo la udongo mwekundu na mvua inanyesha juu yake. Alikuwa mvulana. Hatukuwahi kusema hivyo kwa sauti, mimi na wewe.

Sikiliza sasa. Nilimuuliza bwana mmoja wa kilimo aliyepita hapa. Akasema vibuyu na mung'unye ni ukoo mmoja. Nyuki akitoka kwenye ua la kibuyu akaingia kwenye ua la mung'unye, tunda la mwaka huo halibadiliki, linabaki tamu, lakini mbegu iliyomo ndani imeshageuka. Huwezi kuona kwa macho. Inangoja msimu unaofuata. Ndiyo maana mama yangu alikataza. Kwa hiyo si mkono wako pekee, mkwe. Ni sharti nililotoa bila sababu yake, na ni ukimya wangu. Mimi nilijua na sikusema. Wewe hukujua.

Tafadhali ng'oa mashina yote, hata yale matamu. Choma kila tunda. Usibakize hata mbegu moja ya ukumbusho.

Joash amesikia maneno Suna kwamba huko Kosele watu wanasema mbegu zilitumwa na sisi Wakuria zikiwa zimesemewa uchawi. Sijui kama ni kweli. Mbona huandiki?

Mkwe wako,
Mama Nyakerario

*

Kosele,
15 Machi 2025

Mkwe wangu, Mellen,

Nakusalimu. Msalimie Nyakerario, mwambie kuku wake wanataga.

Nimekawia kuandika kwa sababu kila nikianza naishia kwenye salamu. Joash alisikia kweli. Wanasema. Risper ndiye aliyeanza, na nafikiri alianza kwa woga, maana vibuyu ni vyake. Sasa hata walioninyima salamu mwaka jana wananijia na pole, kisha wanauliza kwa upole ulizileta mbegu zile katika kitambaa cha rangi gani. Wazee wa ukoo wamemwambia Levi asimrudishe mke wake mpaka boma lisafishwe. Alitoka kisiwani akakuta kaburi, na tangu siku hiyo anakula kwa Risper. Mwanangu hali tena mkononi mwangu.

Barua yako niliisoma mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Bwana wa kilimo anasema ni nyuki. Wazee wanasema ni ninyi. Mchungaji anasema ni mapenzi ya Mungu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wewe unasema ni ukimya wako. Kila mtu ana jibu lake, mkwe, ila mimi niliyeshika mwiko. Nami nikajiuliza, supu ile sikuinywa. Ya kwangu ilikuwa ya shina tamu. Ya kwake nililamba mwiko tu, na mwiko una maziwa, unadanganya. Nimekaa na wanawake wengi waliozaa, nimewapikia mboga chungu, hakuna aliyedhurika. Siku nyingine nakuamini. Siku nyingine nasema hapana, mtoto alikwenda kama wale wawili walivyokwenda, na mimi nilimpikia binti yangu chakula kizuri.

Nimeng'oa mashina yote kama ulivyoagiza. Nimeyachoma. Tunda moja la shina la tano lilikuwa limebaki chini ya majani, bado changa. Hilo sikulichoma.

Leo baada ya chai ya asubuhi nimelipika. Nimefanya kama nilivyofanya siku ile, maziwa ya jana, chumvi kidogo, vipande vyake vyote. Nimelitia kwenye bakuli lile lile. Risper alikuwa amekwenda na ndoo kisimani, Levi yuko Homa Bay. Nimekaa mlangoni pangu nikala.

Mkwe, ni chungu.

Sikujua. Nakuapia kwa Mungu aliye juu, sikujua ni chungu namna hii. Osuga haifiki hapa, wala dawa ya malaria ya zamani haifiki hapa. Kijiko cha kwanza mwili wote ulikataa, koo lilijifunga, macho yalitoka machozi yenyewe. Kila kijiko nilisema hiki ndicho cha mwisho. Nimelimaliza kwa sababu yeye alilimaliza. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikitabasamu, nikimwonyesha kwa mkono, malizia, malizia. Nilidhani anaomba. Alikuwa anatafuta namna ya kumeza.

Hakukunja hata uso. Mlimlea vizuri sana.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa nimerudi. Tumbo limeanza, na jasho linanitoka ingawa kuna kivuli. Nimetapika nje mara mbili. Nimejua basi. Hakuna Mkuria hapa, hakuna mapenzi ya Mungu. Namwona Risper anarudi na ndoo yake kule kwenye njia, bado yuko mbali. Kalamu naishika kwa shida.

Barua hii Risper atampa dereva. Kusoma hajui, hatajua imebeba nini. Msomee Levi wewe mwenyewe, desturi au si desturi, asikie kwamba nyumba yenu haina lawama na amrudishe mke wake.

Nyakerario usimweleze mengi. Mwambie tu kwamba nimesema hivi, siku nyingine akipewa kitu kichungu akiteme, hata kama aliyempa ni mama mkwe wake na amesimama hapo anangoja kusifiwa.

Mkwe wako,
Roseline, mama yao wote wawili